Krenki ya Lori la Zamani: Pima Kabla ya Kuchonga

Lori likianza kugonga, kijiji kizima husikia. Sauti hutoka chini ya injini: ko, ko, ko. Husikika zaidi lori likipanda mlima na mzigo. Baada ya siku chache fundi anafungua injini, anaangalia ndani, halafu anatikisa kichwa. "Krenki imelika," anasema. "Lazima ichongwe."

Hapo kamati hukaa kimya. Fedha zinatakiwa, tena nyingi. Lakini krenki ni kitu gani? Kuchonga maana yake nini? Na baada ya kuchongwa, tutajuaje kama kazi ni nzuri? Asiyejua haya hununua mbuzi kwenye gunia. Leo tutalifungua gunia hilo, tumwangalie mbuzi.

MALORI YA ZAMANI

Tunazungumzia malori ya miaka mingi, kama Bedford. Malori ya Bedford yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1931. Aina ya Bedford J ilitoka mwaka 1958, na ilionekana sana katika barabara za Afrika Mashariki. Baadhi yake yalikuwa na injini ya dizeli ya silinda 6, yenye ukubwa wa lita 4.9. Mwaka 1986 kampuni mama ya General Motors iliacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford huko Uingereza.

Kwa lori kama hilo, krenki mpya si kitu cha kwenda dukani na kurudi nacho jioni. Ndiyo maana watu hutengeneza ile ya zamani. Hilo si kosa. Krenki iliyochongwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi. Iliyochongwa vibaya inaweza kuua injini kwa muda mfupi.

KRENKI NI NINI?

Krenki, au krankishafti, ni chuma kirefu kilichopindwapindwa, kilicholala chini ndani ya injini. Fikiria baiskeli. Miguu yako inapanda na kushuka, lakini pedeli zinageuza mwendo huo uwe wa kuzunguka. Krenki hufanya kazi hiyo hiyo. Pistoni zinapanda na kushuka kama miguu. Konrodi ni kama mifupa ya muundi. Krenki ndiyo pedeli.

Krenki ina sehemu za mviringo zilizolainishwa sana. Sisi tutaziita shingo. Shingo ni za aina mbili. Shingo kuu hukalia mwili wa injini. Shingo za konrodi hushikwa na konrodi. Injini nyingi za dizeli za silinda 6 zina shingo kuu 7 na shingo za konrodi 6. Jumla ni shingo 13. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji.

Kila shingo imezungukwa na vipande viwili vyembamba vya chuma, kila kimoja kama nusu ya bangili. Mafundi huviita metali. Metali ni laini kuliko krenki. Imewekwa hivyo makusudi, ili ikitokea shida ilike metali, maana hiyo ni rahisi kubadilisha.

Sasa sikia ajabu yake. Injini inapokwenda vizuri, shingo na metali hazigusani. Katikati yake kuna utando wa oili. Umewahi kuona tairi la lori likipita kwenye tope jepesi? Tairi linapanda juu ya tope, linateleza, halishiki tena ardhi. Shingo nayo huteleza hivyo juu ya oili.

Nafasi ya oili hiyo ni ndogo sana. Kwa kawaida, shingo yenye unene wa milimita 60 huachiwa nafasi ya kama milimita 0.06. Huo ni kama unene wa unywele mmoja wa kichwani. Kipimo kamili cha kila injini kimo katika kitabu chake.

Na mzigo je? Mafuta yanapowaka ndani ya silinda ya dizeli ya namna hii, pistoni inaweza kusukumwa chini kwa nguvu ya tani 4 au zaidi. Hayo ni magunia 40 ya kilo 100, yamerundikwa juu ya konrodi moja kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupigwa hivyo mara 1,000 kwa dakika hiyo. Kinachozuia chuma kisisagane na chuma ni ule utando wa oili.

KWA NINI KRENKI HULIKA?

Utando ukikatika, chuma hugusa chuma. Sababu za kukatika ni hizi: oili imepungua, oili imezeeka na kuchafuka, pampu ya oili imechoka, tundu la oili limeziba, au vumbi limeingia kwa sababu chujio la hewa limechakaa.

Shingo hailiki sawasawa pande zote. Hulika zaidi upande unaopokea pigo. Basi shingo iliyokuwa duara kamili inakuwa kama yai. Ukiweka metali mpya juu ya shingo ya umbo la yai, nafasi ya oili itakuwa kubwa huku na ndogo kule. Metali mpya nayo itakufa. Kubadilisha metali peke yake juu ya krenki iliyolika ni kupaka ukuta chokaa wakati msingi umepasuka.

KUCHONGA MAANA YAKE NINI?

Kuchonga krenki ni kuisaga kwa jiwe maalumu linalozunguka, mpaka kila shingo irudi kuwa duara. Kazi hii hufanywa kwa mashine ya kusagia krenki. Haifanywi kwa tupa wala kwa msasa wa mkono chini ya mwembe.

Shingo ikisagwa inakuwa nyembamba. Kwa hiyo metali za zamani hazitaitosha. Zinanunuliwa metali nene zaidi, zijaze mahali palipoondolewa. Viwanda hutengeneza metali hizo kwa hatua maalumu. Zilizo za kawaida ni hizi:

Hatua ya 1: shingo inapunguzwa milimita 0.25, yaani robo ya milimita.
Hatua ya 2: inapunguzwa milimita 0.50, yaani nusu milimita.
Hatua ya 3: inapunguzwa milimita 0.75, yaani robo tatu.
Hatua ya 4: inapunguzwa milimita 1.00, yaani milimita nzima.

Malori ya Uingereza ya zamani yalipimwa kwa inchi. Kwa hiyo mara nyingi metali zimeandikwa 010, 020, 030 au 040. Hatua ni zile zile. Zikiandikwa STD, maana yake ni kipimo cha kiwandani, krenki ambayo haijachongwa.

Si kila injini inaruhusiwa kufika hatua ya 4. Kitabu cha injini ndicho kinachosema mwisho ni wapi. Tena, kabla ya kuchonga, hakikisheni metali za hatua hiyo zinapatikana. Kuna waliochonga krenki kwanza, wakatafuta metali baadaye. Krenki ikabaki inang'aa kwenye kona ya stoo.

HESABU YA SHINGO

Tufanye hesabu moja. Hii ni ya mfano tu.

Tuseme shingo ya konrodi ilitoka kiwandani na unene wa milimita 63.50. Fundi anaipima kwa maikromita, chombo kinachopima hata sehemu ya mia ya milimita. Upande mmoja anapata 63.44. Anageuza maikromita, upande wa pili anapata 63.38. Ukitoa, tofauti ni 0.06. Basi shingo si duara tena.

Je, hatua ya 1 itatosha? 63.50 toa 0.25 ni 63.25. Shingo yetu, hata mahali palipolika zaidi, bado ni 63.38. Ipo nyama ya kuchonga. Hatua ya 1 inatosha.

Lakini tuseme shingo nyingine, kati ya zile 6, imekwaruzwa mpaka 63.20. Hiyo imekwisha kuwa nyembamba kuliko 63.25. Hapo hatuna budi kwenda hatua ya 2, yaani 63.00. Na kwa kawaida shingo zote 6 za konrodi huchongwa kwa hatua moja, ili zitumie metali za aina moja. Kwa hiyo shingo iliyo mbaya kuliko zote ndiyo inayoamua.

Ndiyo maana tunasema: pima kabla ya kuchonga, tena pima shingo zote 13. Fundi aliyepima moja tu amebahatisha.

HATARI IKO WAPI?

Watu wengi hudhani hatari ya kuchonga ni wembamba. Wanasema, "Krenki hii imechongwa mara mbili, sasa imekuwa kijiti." Hebu tuone. Shingo ya milimita 63.50 ikipunguzwa milimita 1 nzima, nguvu yake ya kustahimili kupinda hupungua kwa kama sehemu 5 tu katika 100. Si nyingi. Hatari kubwa ziko mahali pengine, ambapo macho ya haraka hayaoni.

Ya kwanza ni kona. Pale shingo inapokutana na ukuta wa krenki, kiwanda kiliacha kona ya mviringo, kama ndani ya bakuli. Jiwe la kusagia lisipochongwa vizuri, huacha kona kali, kama ndani ya kasha. Chuma hupasukia kwenye kona kali. Chukua mua, ukate kidogo kwa kisu, halafu uupinde. Utavunjika pale pale penye alama ya kisu. Kona kali inaweza kuongeza mkazo wa chuma mahali hapo mara mbili au zaidi. Linganisha na zile sehemu 5 katika 100! Basi krenki nene yenye kona kali ni ya hatari kuliko krenki nyembamba yenye kona nzuri.

Ya pili ni ngozi ngumu. Krenki nyingi za dizeli zimefanywa ngumu juu kwa moto au kwa dawa ya kiwandani. Kwa baadhi yake ngozi hiyo ni nene, haiishi kwa kuchongwa. Kwa nyingine ni nyembamba sana. Ikichongwa mara moja tu ngozi imeondoka, na lazima krenki ifanywe ngumu upya. Kitabu cha injini hueleza krenki ni ya aina gani.

Ya tatu ni matundu ya oili. Ndani ya krenki kuna vijia vinavyopeleka oili kwenye shingo za konrodi. Wakati wa kusaga, unga wa jiwe na chuma huingia humo. Usipotolewa, oili itausukuma mpaka kwenye metali mpya siku ya kwanza tu. Vijia visuguliwe kwa brashi nyembamba, vioshwe, vipulizwe kwa hewa. Midomo ya matundu nayo ilainishwe, isiwe na makali ya kukwangua metali.

Ya nne ni ufa. Krenki yenye ufa haichongwi, inatupwa. Karakana kubwa hutafuta ufa kwa sumaku na unga wa chuma. Mahali pasipo na mashine hiyo, mafundi hutumia njia ya zamani. Wanaipaka krenki safi mafuta ya taa, wanaifuta ikauke, halafu wanapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka taratibu, na mstari unaonekana juu ya chaki. Njia hii huonyesha nyufa zilizofika juu, lakini ufa mdogo sana unaweza kuipita. Kipimo cha sumaku ni bora.

NJIA ZA MKATO

Zipo njia za mkato ambazo huonekana ni msaada, kumbe ni mtego.

Kuna wanaoweka kipande cha bati au karatasi nyuma ya metali ili ibane. Metali haikai tena vizuri, joto halitoki, na tundu la oili laweza kuzibwa. Kuna wanaopiga tupa kofia ya konrodi ili ishuke. Tundu la konrodi linakuwa yai, na konrodi imeharibika. Kuna pia wanaojaza shingo kwa weldi ya kawaida. Kujaza krenki kunawezekana, lakini ni kazi ya karakana maalumu yenye mashine zake. Weldi ya kawaida huipinda krenki kwa moto na kuiachia nyufa za ndani.

Na tusidhani hasara ni fedha tu. Malori mengi ya zamani yana breki zinazopata msaada kutoka kwenye injini. Krenki ikikatika mlimani, injini inazimika ghafla, na msaada wa breki unakuwa ule uliobaki akibani tu. Nyuma kuna magunia, na juu ya magunia pengine kuna watu. Krenki ni jambo la roho za watu.

MAZUNGUMZO KARAKANANI

Tuseme Mama Mhazini wa kikundi amefika karakana na daftari lake. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Mhazini: Shikamoo, fundi.

Fundi: Marahaba, mwanangu. Karibu. Krenki yenu nimeiona. Tunachonga, kesho kutwa mnachukua.

Mhazini: Ahsante, baba. Kabla ya kuchonga, naomba vipimo niviandike. Shingo zote 13.

Fundi: Zote? Unataka kuwa fundi sasa?

Mhazini: Hapana, fundi ni wewe. Mimi natunza hela za watu. Wakiniuliza, niwe na jibu.

Fundi: Haya, andika. Shingo kuu, ya kwanza...

Mhazini: Na ufa je, umetazama?

Fundi: Nimetazama kwa sumaku. Haina ufa, wala haijapinda.

Mhazini: Na zile kona, baba, zitabaki mviringo?

Fundi: (Anacheka) Nani amekufundisha hayo? Zitabaki. Njoo uzipapase mwenyewe kabla ya kubeba.

Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Hufurahi kwamba mwenye mali anaithamini kazi yake.

WAKATI WA KUFUNGA INJINI

Krenki ikirudi, kazi haijaisha. Angalieni haya:

1. Krenki ipimwe tena kabla ya kufungwa, na namba ya metali ilingane na hatua iliyochongwa.

2. Kila kofia irudi mahali pake. Kofia huwa na namba. Zikichanganywa, matundu hayawi duara.

3. Bolti zikazwe kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu. Kukaza kwa kukisia mkono hakutoshi.

4. Kila baada ya kofia moja kukazwa, krenki izungushwe kwa mkono. Ikigoma, simameni hapo hapo, tafuteni sababu.

5. Oili iwe mpya, na filta iwe mpya. Kabla ya kuwasha, injini izungushwe bila mafuta ya dizeli mpaka geji ya oili ipande.

6. Siku za kwanza lori lisibebe mzigo mzito. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kwa sababu hubeba unga wa vyuma vipya vinavyozoeana.

DAFTARI LA LORI

Ndugu msomaji, kisomo ulichokipata kina kazi hapa. Nunueni daftari moja, mliite Daftari la Lori. Siku krenki ikichongwa andikeni tarehe, vipimo vya shingo zote, hatua iliyochongwa na namba ya metali. Andikeni pia kila siku oili inapobadilishwa.

Faida yake ni hii. Miaka mitano baadaye dereva atakuwa mwingine, na pengine fundi atakuwa mwingine. Atakayefungua injini ataambiwa na daftari kwamba krenki iko hatua ya 1, na zimebaki hatua kadhaa. Hatanunua metali zisizotosha. Hatachonga bure. Na lori likianza kugonga mapema, mtajua la kuuliza, na la kumwuliza nani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni.

MANENO YA KUKUMBUKA

Shingo: sehemu ya mviringo ya krenki inayozunguka ndani ya metali.
Metali: vipande viwili vya nusu duara vinavyoizunguka shingo.
Hatua: kiasi kilichopunguzwa kwenye shingo, kama 0.25 au 0.50.
Maikromita: chombo cha kupimia unene mdogo sana.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kubadilisha metali peke yake hakutoshi kama shingo imekuwa umbo la yai?

2. Shingo ya kiwandani ni milimita 75.00. Sasa, mahali palipolika zaidi, ni 74.60. Itafaa kuchongwa hatua gani?

3. Kuna hatari gani krenki ikiwa na kona kali?

4. Katika kijiji chenu kuna mashine gani zinazohitaji daftari kama la lori? Nani atalitunza?